Kutoka Deni la Utumishi hadi Deni la Fedha

Historia ya ufadhili wa elimu ya juu nchini Tanzania ni historia ya majina ambayo dola imempa mwanafunzi. Kila jina lilikuja na deni lake.

Katika miaka ya 1960, mwanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alikuwa mwana wa taifa. Serikali ilimlipia masomo, malazi na chakula. Naye alidaiwa utumishi. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likatangazwa Azimio la Arusha.

Azimio la Musoma la 1974 lilizaa kundi jingine: mwanafunzi mtumishi. Aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kwanza kufanya kazi na kupata mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Deni lilikuwa lile lile, ila sasa lilianza kulipwa kabla ya masomo.

Mgeuko mkubwa ulikuja mwaka 1992, sera ya uchangiaji gharama ilipoanza kutekelezwa. Wakatokea mwanafunzi wa serikali na mwanafunzi wa kujilipia. Sheria Namba 9 ya 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na mwana wa taifa akawa mkopaji.

Tujiulize basi: leo nani anadaiwa? Chukua vijana wawili wa Olasiti, hapa Arusha. Wa kwanza analipiwa ada yote na wazazi. Anahitimu bila kudaiwa chochote na yeyote. Wa pili, ambaye mama yake anauza ndizi sokoni, lazima kwanza authibitishe umaskini wake kwa hati, ilhali kipato cha mama hakina hati. Akifanikiwa kupata mkopo na baadaye ajira, hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, kwa mujibu wa marekebisho ya sheria ya 2016.

Simaanishi kwamba mikopo isirejeshwe. Marejesho ya mmoja ndiyo ada ya mwingine. Lakini deni la utumishi, pamoja na ukali wake wote, lilimhusu kila msomi. Deni la fedha linamhusu tu yule aliyezaliwa bila fedha. Tulipobadilisha majina, tulimsamehe mwenye nacho wajibu wake kwa taifa, na hatukuwahi kulijadili hilo.