Maonyesho ya Wanasayansi Chipukizi

Maonyesho ya wanasayansi chipukizi ni mashindano ambayo wanafunzi wa sekondari hubuni utafiti, huufanya wenyewe, kisha huutetea mbele ya majaji. Shabaha yake ni kuwavuta kwenye sayansi vijana ambao kwa kawaida huachwa nyuma: wasichana, watoto wa vijijini na wanaosoma shule zisizo na maabara.

Chimbuko

Mwaka 1963 wanafizikia wawili wa Dublin, Padre Tom Burke na Tony Scott, waliona mashindano ya namna hii Marekani. Walianzisha ya kwao nchini Ireland mwaka 1965. Tanzania iliyapokea kupitia taasisi ya Young Scientists Tanzania (YST), iliyoasisiwa mwaka 2011 na Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry. Maonyesho ya kwanza yalifanyika Dar es Salaam mwaka 2012. Kenya nayo ina maonyesho yake.

Utaratibu

Wanafunzi huchagua swali linalotokana na mazingira yao, na mwalimu huwalea. Tuseme wawili wanataka kujua kama mbegu za mlonge husafisha maji ya bwawa. Watatwanga mbegu, watajaza maji chupa tatu, watatia unga kidogo katika ya kwanza na mwingi katika ya pili. Ya tatu wataiacha bila kitu, iwe ya kulinganishia. Watakoroga, watasubiri saa mbili, kisha wataweka gazeti nyuma ya kila chupa waone maandishi yanasomeka kupitia ipi. Protini ya mlonge hushikanisha chembe za udongo zikawa nzito na kutuama. Hata hivyo, maji meupe si lazima yawe salama. Majaji watauliza kuhusu vijidudu, na hapo utafiti mpya huzaliwa.

Faida na mipaka

Katika jaribio kama hili, anayechota maji bwawani kila siku ana ujuzi ambao mwenzake wa mjini hana. Wapo pia washindi wa YST waliopata ufadhili wa masomo ya chuo kikuu. Lakini maonyesho hudumu siku chache tu, nayo hayawezi kuziba pengo la mwalimu wa fizikia anayekosekana mwaka mzima.

Kwa mwalimu aliyepo, kukosa maabara kusiwe kisingizio: chupa tatu, kiganja cha mbegu na daftari vinatosha kuanzia.