Ng'ombe wa Mhunze alikula nini? Historia fupi ya mafuta ya nyama

Siku ukienda buchani Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, angalia mafuta kabla hujaangalia mnofu. Mengine yana unjano, mengine ni meupe pee. Unjano huo mara nyingi ni karotini, rangi ileile ya kwenye karoti, ambayo ng'ombe huipata kwenye majani mabichi. Kwa hiyo mafuta yanabeba kumbukumbu ya malisho. Swali ni je, kumbukumbu hiyo inafika hadi kwenye moyo wako wewe mlaji?

Swali hili lilipata uzito hapa kwetu Afrika Mashariki. Miaka ya 1960, mwanakemia Mwingereza Michael Crawford alifanya kazi Makerere, Kampala. Baadaye, akiwa London, alilinganisha mafuta ya wanyama wa porini, akiwemo nyati, na ya ng'ombe wa kufugwa. Mwaka 1968 alichapisha matokeo kwenye jarida la Lancet: nyama ya porini ilikuwa na sehemu kubwa zaidi ya mafuta laini, yale yasiyoganda kirahisi, kuliko nyama ya mifugo.

Kwa nini? Hapa twende taratibu. Nyama ina mafuta ya aina mbili: ya kwenye tando za seli, ambayo ni laini, na ya akiba, ambayo ni magumu zaidi. Nyati anayetembea kutwa ana akiba ndogo, kwa hiyo yale laini yanaonekana mengi kwa uwiano. Ng'ombe aliyenenepeshwa ana akiba kubwa, na uwiano unageuka.

Halafu kuna tumbo la kwanza la ng'ombe, rumeni. Majani mabichi yana omega-3 nyingi, lakini bakteria wa rumeni huigeuza sehemu kubwa kuwa mafuta magumu kabla haijafika kwenye damu. Inayopenya ni kidogo tu. Nguruwe hana rumeni, ndiyo maana mafuta yake hufuata chakula chake kwa karibu zaidi.

Sasa turudi Usukumani. Wasukuma walikuwa na ngitili: eneo linalofungwa wakati wa mvua ili majani yasimame, kisha linafunguliwa kiangazi kikibana. Ufyekaji wa mapori dhidi ya mbung'o, upanuzi wa mashamba ya pamba na kuhamia vijiji vya Ujamaa viliziharibu nyingi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia mwaka 2003 zilizidi hekta 300,000.

Pamba nayo ilileta mashudu, makapi ya mbegu baada ya kukamuliwa mafuta, na mashudu yakawa chakula cha kunenepesha. Ng'ombe anaongezeka uzito haraka na mfugaji anapata bei. Lakini mafuta yanayobaki kwenye mbegu ya pamba yana omega-6 zaidi kuliko omega-3, na yana asidi fulani zinazozuia mwili wa mnyama kulainisha mafuta yake. Ukimlisha mbegu nyingi, mafuta yake huwa magumu zaidi.

Je, ina maana nyama ya ngitili ni dawa? Hapana, usidanganyike. Kwanza, majani yakikauka hupoteza sehemu kubwa ya omega-3, kwa hiyo ng'ombe wa Oktoba si sawa na wa Machi. Pili, hata nyama ya majani mabichi ina omega-3 kidogo sana ukilinganisha na dagaa wa Ziwa Victoria. Kwa moyo wako, kiasi cha mafuta unachokula kina uzito kuliko tofauti ya malisho: mnofu usio na mafuta mengi ni huohuo, awe alikula mashudu au majani.

Mwenye cha kupoteza zaidi ni mfugaji. Ngitili ikifa, analazimika kununua kila kinachoingia mdomoni mwa ng'ombe, na mwaka ambao pamba haikustawi, mashudu hayashikiki kwa bei. Basi ukisikia muuzaji anakutoza zaidi eti kwa sababu nyama yake "ni ya asili, inatibu presha", mwulize maswali mawili: ng'ombe alikula nini miezi mitatu ya mwisho, na hapo kwenye mizani mafuta ni kiasi gani?