Mwaka 2003: Maktaba ya Sayansi Ilipopanua Milango

Ushirika wa maktaba na wachapishaji unaojulikana leo kama Research4Life ulizaliwa kutokana na kilio cha watafiti. Shirika la Afya Duniani lilipouliza ni nini kinawakwamisha wenzetu wa nchi maskini, jibu lilikuwa uhaba wa majarida. Wasomi wa Afrika walilijua jibu hilo tangu zamani: pesa za kigeni zilipoadimika miaka ya 1980, maktaba nyingi za vyuo ziliacha kuagiza matoleo mapya, na rafu zikabaki na ya kale.

Mkutubi wa shirika hilo, Barbara Aronson, alilibeba suala hilo hadi kwa wachapishaji wenyewe. Julai 2001 kampuni sita kubwa zilikubali, na Januari 2002 mpango wa kwanza wa ushirika huo, HINARI, ukaanza na majarida yapatayo 1,500 ya tiba. Nchi ambazo pato la mtu kwa mwaka halikufika dola 1,000, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, zilisoma bure.

Mwaka wa neema, hata hivyo, ulikuwa 2003. HINARI ilizipokea nchi zenye pato la kati ya dola 1,000 na 3,000, kila taasisi ikilipa dola 1,000 kwa mwaka, kiasi ambacho jarida moja tu la sayansi lingeweza kukimeza. Oktoba, FAO ikazindua AGORA kwa ajili ya kilimo, ikishirikiana na Maktaba ya Mann ya Cornell University. Watu wa Mann hawakuwa wageni wa kazi hii: tangu 1999 walikuwa wakisambaza TEEAL, majarida ya kilimo yaliyojazwa kwenye CD ndani ya sanduku, kwa wasio na intaneti.

Ukuaji huo ulibebwa na wakutubi. Taasisi ilipewa nywila, mkutubi akaitunza, na kwa intaneti ya setilaiti iliyojikokota akampakulia daktari makala aliyoihitaji.

Mengine yalifuata: OARE ya mazingira mwaka 2006, ikiwa na UNEP ya Nairobi na Yale University; ARDI ya ubunifu, 2009; GOALI ya sheria, 2018. Mwanzoni mwa 2011 palitokea mtikisiko, baadhi ya majarida yalipoondolewa Bangladesh; wadau walipaza sauti, yakarudishwa.

Msomaji uliye chuoni au hospitalini, kama hujawahi kuyafungua majarida haya, mwone mkutubi wako wiki hii.