Waliofungwa kwa Sababu ya Mimba

Mwezi wa 4 mwaka 2019 nilikuwa Nyabugogo, nangoja basi la kurudi Nyamagabe, kwetu kambini Kigeme. Mnajua Nyabugogo ilivyo: makonda wanakuvuta mkono, kila mmoja anakuitia basi lake, ukizubaa unapelekwa usikokwenda. Msichana mmoja akanisogelea na mfuko wa karatasi mkononi.

"Mama, basi la Musanze linapakia wapi?"

Nikamwonyesha. Hakuondoka. Akasema tangu 2017 hajapanda basi peke yake. Hapo ndo nikaelewa ametoka gerezani.

Tulikaa kwenye benchi tukala mandazi. Alikuwa anafanya kazi za nyumbani kwa watu hapa Kigali. Mwenye nyumba akamlazimisha, mimba ikaingia. Akanywa dawa za majani, akatoka damu mpaka majirani wakambeba hospitali. Akiwa bado kitandani, polisi wakafika. "Nilidhani ni madaktari wengine," akaniambia. Alikuwa na miaka 19.

Mwezi huo Rais Kagame alikuwa amewasamehe watu 367 waliohukumiwa kwa kutoa mimba, kusaidia kuitoa, au kuua mtoto mchanga. Yeye alikuwa mmoja wao. Haikuwa mara ya kwanza. Desemba 2016 walisamehewa wasichana 62, na mwezi wa 5 mwaka 2020 wakatoka wengine 50. Jumlisha mara hizo tatu tu: watu 479. Nikajiuliza, waliingiaje wote hao?

Sisi Wakongo tusishangae sana, maana kwetu ni vilevile. Kanuni ya Adhabu ya Kongo ni ya tarehe 30/1/1940, wakati wa Wabelgiji, na vifungu vya 165 na 166 vinamfunga anayetoa mimba. Rwanda, iliyotawaliwa na Wabelgiji haohao, iliandika kanuni yake mwaka 1977, nayo ikaiweka mimba mikononi mwa polisi, isipokuwa afya ya mama ikiwa hatarini.

Halafu ikaja 1994. Baada ya mauaji ya kimbari magereza yalijaa kupita kiasi. Gereza la Gitarama lilijengwa kwa watu 400 hivi. Mwaka 1995 lilikuwa na karibu 7,000. Katika magereza ya nchi kulikuwa na wanawake pia, wengine wajawazito, wengine wakinyonyesha. Nani angeuliza habari za mkunga au kitambaa cha hedhi, wakati hata pa kulala hapakuwepo?

Sheria ilianza kulegea mwaka 2012. Rwanda ilikuwa imeukubali Mkataba wa Maputo wa haki za wanawake wa Afrika, ila ikakataa kipande cha utoaji mimba. Mwaka huo ikaondoa pingamizi lake. Kanuni mpya ikaruhusu mimba itolewe kama mwanamke alibakwa, aliolewa kwa nguvu au alipewa mimba na ndugu wa karibu, lakini kwanza apate hati ya mahakama. Sasa fikiria mfanyakazi wa ndani, hana franga ya usafiri, hana wakili, anamshtaki bosi wake. Kesi inaahirishwa, tumbo linakua. Mimba haingoji mahakama.

Tarehe 30/8/2018 sheria namba 68/2018 ikaifuta hati hiyo. Ikaongeza sababu nyingine: mjamzito akiwa bado mtoto. Mwezi uleule wa 4 mwaka 2019 ikatoka amri ya waziri wa afya: kazi ifanywe na daktari, hospitalini, mimba isizidi wiki 22. Nje ya sababu hizo, anayejitoa mimba bado anafungwa mwaka 1 hadi 3.

Nilipomwambia yule msichana kwamba hata 2017 sheria ilikuwa na mlango kwa aliyebakwa, alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Mbona hakuna aliyeniambia?"

Swali hilo nimerudi nalo kambini. Msamaha ulimfungulia gereza, nashukuru. Lakini haukumrudishia ile miaka, wala mwenye nyumba yule hakukaa hata siku moja ndani.

Tusiwasahau waliobaki. Mtoto anayezaliwa gerezani Rwanda anakaa na mama yake mpaka miaka 3, kisha anatolewa nje kwa jamaa, kama wapo. Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Bangkok mwaka 2010: mfungwa apewe pedi bure, asifungwe pingu wakati wa uchungu wala anapojifungua, na mjamzito apewe kwanza adhabu isiyo ya kifungo inapowezekana. Gereza la Nyamagabe lina wanawake, na liko wilaya yetu hii. Ni majirani zetu.

Kwa hiyo, mabinti na wamama wa kambini, shikeni haya. Ukibakwa, usikae nyumbani na aibu. Kwenye hospitali kuna Isange, huduma iliyoanza Kacyiru mwaka 2009. Unatibiwa bure na ushahidi unachukuliwa. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inatakiwa ndani ya saa 72, na ya kuzuia mimba isizidi siku 5. Na nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika: mabango ya kunawa mikono tunayo kila kona. Sheria ya 2018 nayo iandikwe kwa Kiswahili na Kinyarwanda, ibandikwe pale tunapochotea maji.

Basi la Musanze lilipoitwa, alinikumbatia kama mtoto wangu. Akapanda, akachagua kiti cha dirishani. Sijamwona tena.