Uchumi: Jina, Duka na Mali Kauli

Neno uchumi latokana na kitenzi chuma, yaani kutoa tunda au jani mtini kwa mkono, na kwa kupanuka maana, kupata faida kwa kazi au biashara. Watu wa pwani walisema kuwa mali ya fulani ni ya kuchuma wala si ya kurithi, zamani kabla neno hilo halijafanywa jina la elimu ya mapato ya taifa. Maana hizo mbili, ile ya mkono na ile ya dola, zilikutana mjini Nairobi mwaka 1975, pale Serikali ya Kenya ilipoanzisha kampuni ya maduka ikaiita Uchumi.

Ili kufahamu kwa nini serikali ilijiingiza katika kuuza sabuni na unga, yatupasa kurudi nyuma miaka kumi. Wakati wa uhuru, biashara ya rejareja mijini ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa wenye maduka wa asili ya Kihindi. Mwaka 1965 likaundwa Shirika la Taifa la Biashara, ili kuwapitishia wananchi bidhaa za jumla. Na sheria ya leseni ya mwaka 1967 ikawazuia wasio raia wasifanye biashara katika baadhi ya mitaa na wasiuze baadhi ya bidhaa. Lakini sheria yaweza kumnyang'anya mtu leseni na kumpa mwingine. Haiwezi kumpa huyo wa pili kuaminiwa na wenye bidhaa. Uchumi ilikusudiwa kuziba pengo hilo. Wenye hisa wake wa kwanza walikuwa mashirika matatu ya umma: lile la Taifa la Biashara, lile la Maendeleo ya Viwanda na Biashara, na wakala wa mvinyo wa nchi. Ilipewa kazi mbili, kugawa bidhaa kwa haki na kuwapatia wenye viwanda wa Kenya mahali pa kuuzia.

Uendeshaji wenyewe ulikabidhiwa kwanza kwa Standa, kampuni ya Italia, ili iwafunze Wakenya kazi hiyo. Hapa wapenzi wa lugha wataniruhusu nitoke njiani kidogo. Standa nayo ilizaliwa kwa jina la Standard, mwaka 1931. Utawala wa Mussolini ulipoyapiga vita maneno ya kigeni, jina likakatwa mkia likabaki kama lilivyo. Basi duka la Nairobi lenye jina la Kiswahili fasaha lilifundwa na duka lililopata jina lake kwa hofu ya dola.

Kwa mnunuzi, jambo jipya lilikuwa rafu. Katika duka la zamani, mwenye duka alisimama nyuma ya meza, akapima sukari, akaandika deni daftarini. Katika duka jipya mnunuzi alipita na kikapu akichuma mwenyewe, kisha akalipa taslimu mlangoni. Mkopo kwa mnunuzi ukafa. Haukufa mkopo wenyewe. Ulihama ukaenda upande wa pili wa duka, kwenye mlango wa nyuma, ambako mwoka mikate na muuza maziwa hushusha mali yao na kuondoka na hati tu, walipwe baada ya siku thelathini, sitini, au tisini.

Desturi hiyo ina jina la kale katika lugha yetu: mali kauli, bidhaa inayochukuliwa kwa neno tu, ilipwe ikishauzwa. Kwa mali kauli ndiyo misafara ya karne ya kumi na tisa ilivyokwenda bara. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, katika habari za maisha yake aeleza jinsi alivyochukua bidhaa kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, Taria Topan akiwa mkubwa wao. Lakini tazama nani alikuwa na nguvu. Zamani mwia ndiye aliyekuwa tajiri, na mwiwa ndiye aliyefunga safari. Taria Topan aliweza kukataa. Katika duka kubwa mambo yamepinduka: mwia ni mkulima wa mboga, mwiwa ni kampuni yenye matawi mengi, na mkulima akikataa hana pengine pa kupeleka mboga zake kabla hazijaoza.

Muda ule kati ya fedha ya mnunuzi kuingia na deni la mleta bidhaa kulipwa ni mtaji usio na riba, na ndiyo siri ya kupanuka upesi kwa maduka haya. Uchumi iliingia katika soko la hisa la Nairobi mwaka 1992, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikavuka mpaka hadi Kampala. Kisha matawi mapya yakashindwa kujilipia. Mwanzoni mwa Juni 2006 milango ilifungwa, na benki zenye dhamana juu ya mali ya kampuni zikaiweka chini ya msimamizi. Serikali ikaingilia, na maduka yakafunguliwa tena Julai. Usimamizi huo ulikoma mwaka 2010, na hisa zikarudi sokoni Mei 2011.

Ajabu ni kwamba funzo halikukaa. Kampuni ikarudia kupanuka, ikafika Dar es Salaam, na mwishoni mwa 2014 ikawaomba wenye hisa fedha zaidi nao wakatoa. Juni 2015 mkurugenzi mkuu aliachishwa kazi, na Oktoba mwaka huo matawi yote ya Uganda na Tanzania yakafungwa.

Wengine walisema kwamba kosa lilikuwa la mashirika ya umma. Siafiki. Nakumatt, ambayo jina lake ni vipande vya Nakuru Mattresses, duka la magodoro la mjini Nakuru, ilikuwa mali ya watu binafsi. Ilipata matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Tuskys, nayo iliyotokana na biashara ya magodoro, ilianza kufunga matawi mwaka huo huo wa 2020, ikidaiwa na walewale waleta bidhaa.

Katika kila anguko, mwenye dhamana hulipwa kwanza. Mleta maziwa, ambaye dhamana yake ni hati ya kupokelea mali, husimama nyuma. Mwaka 2019 Bunge la Kenya lilirekebisha sheria ya ushindani, likaharamisha mnunuzi mkubwa kuwaonea wauzaji wadogo, pamoja na kuwacheleweshea malipo bila sababu ya haki. Machi 2020 wadai wa Uchumi walikubali mapatano ya kusamehe sehemu ya haki yao, ili sehemu iliyobaki ipate kulipwa kidogo kidogo.