Mkonge Wetu na Bei za Wengine

Zitajwapo taabu za uchumi wa dunia, watu hutanguliza madeni, bei ya mafuta na ukosefu wa kazi. Iko taabu nyingine kongwe, nayo nchi yetu imeijua kwa njia ya mkonge: kuuza kwa bei iliyopangwa na mnunuzi, na kununua kwa bei iliyopangwa na muuzaji.

Mkonge si mmea wa asili yetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikapitia Hamburg, na iliyofika pwani yetu ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo yakaenea mashamba ya Tanga, Korogwe na Morogoro, yakahitaji mikono mingi kuliko iliyokuwako karibu. Ndipo wakaletwa watu kutoka Kigoma, Songea na hata Burundi. Kila mmoja akapewa namba, na lugha yetu ikapata neno manamba. Neno hilo lisisahauliwe katika historia ya bei, kwani kabla katani haijapangiwa bei London, mkataji alikwisha kupangiwa yake shambani. Katika Vita Kuu ya Pili, Wajapani walipoziteka Ufilipino na Java, Uingereza iliinunua katani ya Tanganyika kwa bei iliyoiweka yenyewe, na wako waliopelekwa mashambani kwa nguvu.

Tulipopata uhuru mwaka 1961 tulikuwa wa kwanza duniani kwa zao hili, na mwaka 1964 zilipatikana tani zaidi ya 200,000. Kisha bei ikaporomoka. Brazil nayo ilikuwa ikiuza kwa wingi, na viwanda vya nchi tajiri vikaanza kusokota kamba za nyuzi zitokanazo na mafuta. Trekta halikushuka bei. Mwalimu Nyerere alizoea kulipima kwa tani za mazao zinazohitajika kulinunua. Kipimo hicho, naona, chafaa darasani kuliko majedwali mengi.

Dawa zilijaribiwa. Kutaifisha mashamba mwaka 1967 kulibadili mwenye shamba, hakukubadili mnunuzi. Aidha usimamizi ulilegea, jambo lisilofaa kufichwa, na katika miaka ya 1990 mavuno hayakufika tani 40,000. Mwezi Mei 1976, katika mkutano wa UNCTAD mjini Nairobi, mataifa yalikubaliana kuweka akiba za mazao, zinunuliwe bei ishukapo na kuuzwa ipandapo, kwa fedha za mfuko mmoja. Mkataba wa mfuko huo ulikamilika mwaka 1980, ukaanza kutumika mwaka 1989, fedha zake zikiwa haba mno kwa kazi hiyo. Mwaka huo huo mapatano ya kahawa yaliyomgawia kila muuzaji fungu lake yakavunjika.

Imebaki dawa ya kusokota kamba hapa hapa, ingawa nchi nyingi tajiri zimezoea kutoza ushuru mkubwa zaidi kwa kitu kilichotengenezwa kuliko kwa mali ghafi. Iko na nyingine iliyochelewa kuonekana. Nyuzi hazifiki asilimia 5 ya uzito wa jani la mkonge. Mabaki yote yalitupwa kwa karibu miaka mia. Huko Hale, mkoani Tanga, katika miaka ya 2000 kilijengwa kituo cha kutoa gesi na umeme kutokana na mabaki hayo.