Nat King Cole: Sauti Nyororo na Gharama Yake

Kabla ya mwaka 1925, mwimbaji aliyetaka kurekodi santuri alisimama mbele ya pembe kubwa na kupaza sauti kwa nguvu zake zote. Mwenye sauti ndogo hakuwa na nafasi. Mwaka huo makampuni ya Marekani yakaanza kurekodi kwa umeme, kipaza sauti kikaingia studioni, na ghafla mtu aliweza kumnong'oneza msikilizaji aliyekaa mji wa mbali. Rudy Vallee na baadaye Bing Crosby walijenga umaarufu wao juu ya mnong'ono huo. Wapo waliochukia: mwaka 1932 Kardinali William O'Connell wa Boston aliukemea hadharani uimbaji wa namna hiyo. Kemeo halikuwazuia wasikilizaji. Ila kwa miaka mingi walioruhusiwa kumbembeleza Mmarekani sebuleni kwake walikuwa Wazungu, na aliyeuvunja mlango huo, Nat King Cole, aliuvunja kwa upole kiasi kwamba wengi hawakugundua amevunja kitu.

Alizaliwa Montgomery, Alabama, mwaka 1919, akiitwa Nathaniel Adams Coles, na familia ikahamia Chicago pamoja na maelfu ya watu weusi walioikimbia Kusini. Baba alikuwa mhubiri. Mama, Perlina, alipiga kinanda kanisani na ndiye aliyemfundisha mwanawe. Mwaka 1937 alifika California na kundi la maonyesho lililosambaratika njiani, likamwacha huko bila kazi. Akaunda bendi ya watu watatu, piano, gitaa na besi, bila ngoma. Wimbo uliomtoa, "Straighten Up and Fly Right" wa mwaka 1943, ulitokana na hadithi ya tai na nyani ambayo baba yake aliitumia katika mahubiri. Kampuni changa ya Capitol ilinawiri kwa santuri zake, na jengo lake la duara mjini Hollywood, lililokamilika mwaka 1956, watu waliliita nyumba aliyoijenga Nat.

Nyumba yake mwenyewe ilikuwa na habari nyingine. Mwaka 1948 alinunua jumba Hancock Park, mtaa wa matajiri wa Los Angeles, miezi michache tu baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kutamka kwamba mikataba ya kuwazuia weusi kununua nyumba isitekelezwe na mahakama yoyote. Majirani walikusanyika kumzuia. Inasimuliwa kwamba walipomwambia hawataki watu wasiofaa mtaani, alijibu kuwa hata yeye hawataki, na akimwona mmoja atawapa taarifa. Jibu hilo husimuliwa kwa kicheko. Ni haki lisimuliwe pamoja na mbwa wa familia, aliyelishwa sumu, na tusi la rangi lililochomwa kwenye majani ya uwanja wao.

Tarehe 10 Aprili 1956, akiwa katikati ya wimbo jukwaani Birmingham, Alabama, mbele ya hadhira ya Wazungu watupu, wanaume walipanda na kumwangusha. Aliumia mgongo. Kilichomwumiza zaidi, naamini, kilikuja siku zilizofuata, pale magazeti ya weusi na viongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, walipomlaumu kwa kukubali kuimba katika kumbi zilizowatenga watu wake. Hakuwa mtu wa hotuba. Akajiunga na NAACP kuwa mwanachama wa maisha.

Mwezi Novemba mwaka uleule NBC ilimpa kipindi cha televisheni. Ella Fitzgerald, Harry Belafonte na Peggy Lee walifika kuimba, wengi wa wageni wake wakipokea ujira wa chini kabisa ili kipindi kisife. Hakuna kampuni kubwa ya kitaifa iliyokubali kukidhamini, kwa hofu ya wateja wa Kusini. Desemba 1957 Cole mwenyewe alikifunga. Alifariki Februari 1965 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 45. Alivuta sigara nyingi mno, akiamini zinaipa sauti yake ule uzito.

Kumbukumbu zilianza mwaka huohuo. Marvin Gaye alitoa albamu nzima ya nyimbo zake, na Oscar Peterson, mpiga piano mkubwa, akaacha mazoea yake na kuimba mwenyewe katika "With Respect to Nat". Kisha mwaka 1991 binti yake Natalie, aliyekuwa ameukwepa urithi huo kwa miaka, aliunganisha sauti yake na ya marehemu katika "Unforgettable". Albamu yenye wimbo huo ikapata tuzo ya Grammy ya Albamu ya Mwaka. Rekodi hiyo ni nzuri, tena ni ya kweli kabisa kwa mtoto aliyefiwa akiwa na miaka 15. Lakini iliufunga mlango upande mmoja: dunia ikabaki na Cole wa mishumaa na meza ya chakula cha jioni.

Mwimbaji Gregory Porter aliufungua. Mwaka 2004, kabla hajajulikana, alipeleka jukwaani mjini Denver onyesho la "Nat King Cole & Me", juu ya mvulana ambaye baba yake hakuwepo, akampata baba katika santuri za Cole. Onyesho liliuliza swali ambalo santuri haikuuliza: utulivu huu unamtibu nani? Mwaka 2017 waandishi Colman Domingo na Patricia McGregor wakaja na onyesho lao, "Lights Out: Nat 'King' Cole", Dulé Hill akimwigiza Cole, na mwaka 2025 likafika New York Theatre Workshop. Linatokea usiku wa kipindi cha mwisho cha NBC. Mwimbaji mwenzake Sammy Davis Jr. anamzunguka Cole, anamchokoza, anamtaka aseme yote aliyoyameza. Nyimbo ni zilezile, ila sasa unazisikia ukijua zilipita wapi kabla ya kufika kooni.

Kwangu onyesho hilo ndilo bora kuliko yote. Linanibakizia dai moja: piano. Maonyesho karibu yote humsimamisha Cole mbele ya kipaza sauti, wakati Oscar Peterson na Ray Charles walimsoma kwanza kwa vidole vyake. Tarehe 2 Julai 1944, katika tamasha la Jazz at the Philharmonic mjini Los Angeles, alishindana na mpiga gitaa Les Paul, mmoja akitupa sauti na mwingine akiidaka, ukumbi ukipiga kelele. Hakuimba neno. Hasira, utundu na kiburi ambavyo waandishi wa tamthilia wanalazimika kumtungia vimo mle, kwenye rekodi, na onyesho lijalo lingeweza kuanzia hapo.